Mvue Mwanao Sweta Kabla ya Kumpima

Julai hapa Uyole, Mbeya, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Siku ya kliniki ya wiki ya 14 nilimvalisha binti yangu sweta zito, suruali, soksi na kofia, nikamfunika na kiblanketi. Zamu yetu ilipofika nikamwomba nesi asimvue. Foleni ilikuwa ndefu, akakubali. Mshale ukasimama kwenye kilo 6.2, nikarudi nyumbani nina furaha.

Mwezi uliofuata nilimkuta nesi mwingine, mama wa makamo, akataka mtoto avuliwe abaki na kaptula ya kupimia tu. Kilo 6.1. Alipounganisha nukta mbili kwenye kadi, mstari ukainama. Mama niliyekaa naye benchi moja alikuwa na kijana wa miezi mitatu, kilo saba na nusu. Nikahisi wote wanatazama matiti yangu.

Sikuuliza kitu. Nilichukua kadi nikaondoka, na hapo ndipo nilipokosea.

Nyumbani mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, maziwa hayamtoshi huyu. Mkorogee uji." Alisema kwa upendo, simlaumu. Maji yalishaanza kuchemka ndipo nikakumbuka lile sweta. Nikazifunga zile nguo zote na kiblanketi kwenye mfuko, nikaenda dukani kwa jirani, nikamwomba anipimie kwenye mizani ya sukari. Gramu 600! Kumbe Julai mtoto alikuwa na kilo 5.6, na ndani ya mwezi mmoja ameongezeka nusu kilo kwa maziwa yangu haya haya. Uji ulisubiri hadi alipotimiza miezi sita.

Mama mwenzangu wa nyanda za juu, najua kumvua mtoto kwenye baridi hii kunauma roho. Mvalishe nguo nyepesi kuvua, mfunike hadi dakika ya mwisho, mvue, apimwe, mfunike tena. Angalia kwanza kama mshale uko kwenye sifuri. Kisha tazama mstari wa mwanao mwenyewe unaelekea wapi mwezi hadi mwezi, achana na mtoto wa jirani. Mstari ukiwa umelala au umeshuka kweli, omba nesi akutazame unavyonyonyesha.

Na uliza, hata foleni ikiwa ndefu. Mimi sasa maswali nayaandika kwenye simu usiku, maana ukifika pale yote yanayeyuka. Ndivyo nilivyojua kwamba kidonda cha chanjo ya kifua kikuu kwenye bega la kulia hakikamuliwi wala hakipakwi dawa, kinakauka chenyewe na kuacha kovu. Ndivyo nilivyojua pia kwamba mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kama choo ni laini na anacheza vizuri, hana tatizo. Ila akikataa kunyonya, akihema haraka, akilegea au akipata degedege, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda saa hiyo hiyo.

Jambo lingine linaloniumiza: wengi tunaacha kliniki baada ya sindano ya surua ya miezi tisa, wakati dozi ya pili ni miezi 18. Na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa ina watoto karibu 57 wenye udumavu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, mkoa wenye mahindi, maharage, viazi na parachichi! Udumavu unaonekana kwenye urefu, na uzito peke yake unaweza kukudanganya. Omba apimwe urefu pia. Na uji wa mahindi matupu haumtoshi, tia karanga, mpondee na yai, maharage, dagaa.

Kliniki iliyofuata nilimsimulia yule nesi habari ya mizani ya sukari. Hakunicheka. Alichukua kalamu, akaandika kwa herufi ndogo pembeni ya nukta ya Julai: "na nguo."