Teke la bastola: mkono wako wa kushoto unafanya nini?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza kulenga shabaha ni hili: "Niibane kwa nguvu kiasi gani?" Siku hizi silijibu moja kwa moja. Namwambia muulizaji anioneshe viganja. Mtu akishafyatua risasi thelathini, kiganja kinasema kila kitu: wapi mpini umeacha chapa, wapi haukugusa kabisa. Kwa wageni karibu wote, kiganja cha kulia kimechorwa mpaka kinawasha, cha kushoto hakina hata alama. Mkono mmoja umefanya kazi, mwenzake umekuja kutazama.

Ninachoandika hapa kinamhusu anayefyatua kwa mkono wa kulia, akitumia bastola ya magazini yenye slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Mashoto ageuze tu pande. Na haya ni mambo ya uwanja wa shabaha, mwalimu akiwa pembeni, miwani machoni na kinga masikioni. Kila bastola ichukulie kuwa ina risasi, hata kama umezitoa mwenyewe sasa hivi. Mdomo wake usielekee kitu usichotaka kukitoboa. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga. Ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Ambaye hayo manne hayajamkaa mwilini asijisumbue bado na habari za mshiko.

Tuanze na teke lenyewe, maana wengi wanapigana na kitu wasichokijua. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 7 au 8, na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Msukumo unaoipeleka mbele ndio huo huo unaoirudisha bastola nyuma. Kama mtutu ungekuwa umenyooka sawasawa na mfupa wa mkono wako, ungesikia kusukumwa tu. Lakini mtutu uko juu ya mkono, ndiyo maana bastola haiji nyuma tu, inanyanyua na pua. Mkono ukikaa chini zaidi, teke linapata wenzo mrefu zaidi wa kukupindulia kifundo.

Kuna jambo la pili ambalo mimi lilinichukua muda kuliamini. Risasi inatoka mtutuni kabla hata elfu moja ya sekunde haijaisha. Wakati unaiona pua ikinyanyuka, risasi imeshakwenda zake na pengine imeshatoboa karatasi. Kwa hiyo anayekosa shabaha kwa risasi ya kwanza asilisingizie teke. Mshiko unalipa kwenye risasi ya pili na ya tatu: bastola inanyanyuka kwa njia ile ile kila mara na kushuka pale pale, bila wewe kuitafuta. Kuizuia isinyanyuke kabisa hutaweza, na ukijaribu utaharibu zaidi. Nitarudi hapo.

Mkono wa kulia hauna mengi. Panda ya mkono, pale dole gumba linapoachana na kidole cha shahada, iingie juu kabisa chini ya ule mkia wa nyuma ya bastola, mpaka ngozi ijikunje kidogo. Ukiacha uwazi hapo, hata wa nusu sentimita, umelipa teke wenzo wa bure. Usipitilize lakini. Ngozi ikipanda juu ya mkia, slaidi inaporudi inaichana, na inachana vizuri: mistari miwili myembamba ya damu, sambamba kama reli. Wenye mikono minene wakutane na hilo mapema kwa kusimuliwa, si kwa kuonja. Halafu bastola inyooke na mfupa wa mkono. Wenye vidole vifupi huizungusha kidogo kiganjani ili kidole kiifikie triga, na hapo teke linaishia kwenye kifundo cha dole gumba. Bastola nyingi za sasa huja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini. Weka kile kidogo kuliko vyote ujaribu tena, kabla hujalaumu mkono uliozaliwa nao.

Sasa tuje kwa yule mtazamaji.

Shika bastola tupu kwa mkono wa kulia peke yake, kisha tazama upande wa kushoto wa mpini. Kati ya ncha za vidole vyako na ukingo wa nyuma wa mpini kuna sehemu iliyo wazi. Hapo ndipo nyama ya chini ya dole gumba la kushoto inapotakiwa kujaa, na ijae mpaka usione plastiki. Vidole vya kushoto vinazunguka mbele, juu ya vile vitatu vya kulia, na kidole cha shahada cha kushoto kinagota kwa chini kwenye ile pete inayolinda triga. Kisha, na hili ndilo watu wanalolisahau, kifundo cha kushoto kiinamishwe mbele, kana kwamba unataka kuelekeza dole gumba la kushoto kwenye shabaha. Vidole vitashuka kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Utahisi kifundo kimejifunga. Pua ikitaka kunyanyuka inakuta njia imezibwa na mifupa, na mifupa haichoki kama misuli.

Linganisha na ule mshiko ambao karibu kila mtu huja nao siku ya kwanza: kiganja cha kushoto kimewekwa chini ya magazini, kama kisahani chini ya kikombe cha chai. Unapendeza kwenye picha. Kazi yake ni kubeba uzito wa bastola, na uzito haukuwahi kuwa shida yako. Teke likija, kikombe kinaruka, kisahani kinabaki chini.

Wapo wanaopanga kidole cha shahada cha kushoto mbele ya pete ya triga, na baadhi ya bastola zimechongwa pale kana kwamba zinakualika. Sibishani na anayeshinda nacho. Ila kwa mgeni, hasa mwenye mikono midogo, kidole hicho kikisogea mbele kinavuta kiganja kutoka kwenye mpini, na kiganja ndicho tulichokuwa tunakihangaikia.

Turudi kwenye nguvu. Utaambiwa asilimia 60 mkono wa kushoto, 40 wa kulia. Mimi sijaona mizani ndani ya kiganja. Fanya jaribio hili hapo ulipo, mikono mitupu: kunja ngumi ya kulia kwa nguvu zako zote, kisha nyoosha kidole cha shahada tu ukichezeshe haraka haraka. Umeona kilivyokuwa kizito? Sasa legeza vidole vitatu nusu, chezesha tena. Ndiyo sababu mkono wa kulia haubanwi mpaka mwisho. Una kidole chenye kazi nyingine. Ushike kama unavyompa mkono mtu mzima unayemheshimu, imara lakini bila kumwonesha nguvu, na ubane kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kushoto hauna kidole cha kulinda, kwa hiyo ubane kutoka pembeni, kama jiliwa la seremala lilivyokamata ubao. Bana mpaka bastola ianze kutetemeka, halafu punguza kidogo.

Mimi nilifanya kinyume kwa muda mrefu sana. Nilibana kwa mkono wa kulia mpaka kucha zinabadilika rangi, na risasi zangu zote zilijikusanya chini, upande wa kushoto wa karatasi, kikundi kizuri tu mahali pabaya. Nikahamisha alama ya kulengea, nikalaumu risasi, nikabadilisha bastola mara mbili. Mkono nilikuja nao ule ule.

Kuna kitu kikubwa kuliko kiasi cha nguvu, nacho ni kwamba nguvu hiyo isibadilike. Ukianza na kubana kwa wastani, ubane kwa wastani wakati triga inaachia, wakati slaidi inarudi, na wakati alama ya mbele, ile ya kulengea iliyo karibu na pua, inashuka tena. Wanaoongeza nguvu dakika ile ile ya kufyatua wanaisogeza bastola wenyewe. Kipimo changu ni rahisi: fyatua risasi tano mfululizo, taratibu, kisha jiulize kama umelazimika kupanga mikono upya katikati. Kama baada ya kila risasi unarekebisha vidole, mshiko haujakaa, hata kama karatasi inakusifu.

Madole gumba yaelekee mbele, la kushoto likilala ubavuni mwa bastola, la kulia likipumzika juu yake. Yasishikilie kitu. Dole gumba la kushoto likipita nyuma ya slaidi, kwa wale wanaopishanisha madole gumba kama wanashika rungu, litaumia, na litaumia siku hiyo hiyo. Kuna na hili dogo linalowasumbua watu kimyakimya: dole gumba likikandamiza kile kikono kidogo kinachokamata slaidi, slaidi haitabaki nyuma risasi zikiisha, na mtu anapeleka bastola nzima kwa fundi. Na ukija kupewa bastola ya silinda, ile ambayo risasi hukaa kwenye pipa linalozunguka, acha kabisa kupeleka madole gumba mbele. Pale silinda inapokutana na mtutu pana mwanya, na gesi ya moto inayotoka hapo kila risasi inatosha kukata ngozi. Kwa bastola hiyo madole gumba yarudi nyuma, moja juu ya lingine.

Mikono inyooke mbele, viwiko visikazwe mpaka mwisho. Mabega yatangulie nyonga kidogo, uzito uwe vidoleni mwa miguu. Mgeni akiogopa sauti huegemea nyuma, na aliyeegemea nyuma hana mshiko wa kumwokoa. Haya ya mwili yamekuwa na mitindo yake. Jack Weaver, naibu sherifu wa Los Angeles, alijulikana mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kushika kwa mikono miwili, mmoja ukisukuma mwingine ukivuta, wakati wengi bado walitumia mmoja. Miaka ya 1980 washindani kama Rob Leatham na Brian Enos wakaleta sura hii ya mikono yote kunyooka mbele. Kwenye Olimpiki bastola bado inashikwa kwa mkono mmoja hadi leo, kwa hiyo usimcheke unayemwona amesimama ubavu.

Kifundo kilicholegea kina adhabu yake ya peke yake. Slaidi inahitaji bastola isimame ili yenyewe irudi nyuma. Bastola yote ikirudi pamoja nayo, slaidi haifiki mwisho wa safari, ganda halitupwi, linabaki limesimama wima kwenye dirisha lake kama bomba la moshi. Ukiona hivyo mara mbili tatu kwa bastola ambayo mikononi mwa mwenzako haikwami, usiite fundi.

Mazoezi yenye faida kubwa hayana mlio. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa macho, iguse kwa kidole, kisha tazama tena. Risasi zote ziende chumba kingine. Elekeza bastola kwenye ukuta ambao risasi haiwezi kuupita, simamisha ganda tupu juu ya slaidi, karibu na alama ya mbele, bonyeza triga. Ganda likidondoka, mkono umefanya kitu ambacho haukuambiwa. Dakika kumi zinatosha. Bastola za .22, zile za risasi ndogo, ziwekee risasi bandia kwanza, kwa kuwa nyingi hazipendi kupigwa tupu, pini inagonga ukingo wa chemba. Na ukimaliza, umemaliza. Kurudia "mara moja ya mwisho" baada ya kupachika magazini yenye risasi ndiko kunakotoboa kuta za watu.

Kwenye uwanja, anza mita tano. Angalia alama ya mbele, usiangalie karatasi. Ikipanda na kushuka wima, mikono inabana sawa. Ikikimbilia pembeni, kawaida mkono wa kushoto umeachia. Risasi hamsini kwa umakini zinatosha kwa siku. Baada ya hapo mikono inachoka, na unaanza kujifundisha makosa kwa gharama yako.

Nilisema nitarudi kwenye habari ya kuzuia bastola isinyanyuke. Mwombe mwenzako akupakilie magazini, achanganye risasi bandia mbili au tatu, asikwambie zimekaa wapi. Mimi nilifanyiwa hivyo na mwalimu wangu, mtu mkimya. Risasi ya kwanza, ya pili, sawa. Ya tatu ikafanya "tik", hakuna mlio, na bastola ikainamisha pua kwa nguvu kama mtu aliyepitiwa na usingizi kwenye hotuba. Hakuna teke lililokuwepo. Ni mimi niliyekuwa nimejiandaa kulipiga kabla halijanipiga, na ndiyo siri ya kile kikundi changu cha chini kushoto. Mwalimu hakusema neno. Akapakia tena.

Dawa yake ilikuwa hayo hayo: mkono wa kushoto ubane mapema, usisubiri, na wa kulia uachwe na kazi yake ya triga. Nimelifanya zoezi hili na wengi tangu wakati huo. Juzi kijana mmoja, wiki yake ya sita, alifikia risasi bandia, ikafanya "tik", alama ya mbele ikabaki pale pale katikati ya duara. Akasubiri. Kisha kidole akakitoa kwenye triga, mdomo ukiwa bado unaelekea shabaha, akaniuliza bila kugeuka kama bastola imeharibika.