Bili ya umeme na mashine ya oksijeni ya mama

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Umeuliza iwapo inafaa kuizima mashine ya oksijeni ya mama yako kwa saa chache kila siku ili bili ya umeme ipungue. Tafadhali usifanye hivyo, wala usipunguze kiwango cha oksijeni bila idhini ya daktari, kwa kuwa kiwango hicho na saa za matumizi ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na kipimo cha dawa.

Anza kwa kujua mashine inakula umeme kiasi gani. Soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, zidisha kwa saa inazofanya kazi, kisha gawanya kwa 1,000. Mashine ya wati 350 inayowaka saa 24 hutumia takriban uniti 8.4 kwa siku, yaani uniti 252 kwa siku 30. Hesabu hiyo, pamoja na barua ya daktari, ipeleke kwa kampuni ya umeme na uulize kama wana nafuu ya bei kwa wagonjwa, au orodha ya nyumba zinazotaarifiwa mapema kabla umeme haujakatwa. Nenda kabla deni halijalimbikizwa. Iwapo mashine ni ya kukodi, muulize pia mwenye nayo kama anafidia gharama ya umeme, jambo ambalo wengi hulisahau.

Na hata bili ikipungua, mtungi wa akiba wa oksijeni usikosekane nyumbani.