Barua kwa Mwanangu: Shahada Yako na Kazi Unayoitafuta

Mwanangu mpendwa,

Uliponipigia simu uliniuliza, "Mama, miaka hii 2 ya sosholojia inaniandaa kwa kazi gani hasa? Wenzangu wa uhasibu wakiulizwa wana jibu, mimi sina." Sikutaka kukujibu harakaharaka, ndiyo maana nakuandikia.

Wenzako wana jina la kazi, na hilo si jambo dogo. Anayejulikana kwa kazi yake huanza kutafuta akijua pa kubisha hodi. Wewe itakubidi ueleze mwenyewe unachoweza kufanya, tena kwa maneno anayoyaelewa mwajiri ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sosholojia. Anza kujizoeza sasa.

Ila unacho cha kueleza. Muhula uliopita ulilalamika kwamba mhadhiri amekurudishia dodoso kwa sababu maswali yako yalikuwa yanamwelekeza mhojiwa kwenye jibu. Uliudhika sana. Mimi nilifurahi, na sababu yangu iko wodini. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa miezi 6, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya wiki chache tu, na baadhi yao huacha hapo hapo. Muuguzi akimuuliza mgonjwa, "Dawa unameza vizuri, sivyo?" atajibiwa ndiyo, na hiyo ndiyo itakuwa ndiyo ya heshima. Akiuliza, "Wiki hii ni siku gani ilikuwa vigumu kumeza dawa?" hapo mgonjwa husema. Kumbe anaona aibu mbele ya wakwe, au zamu yake ya kazi inagongana na saa za kliniki. Vijidudu tunavijua sisi wauguzi na madaktari. Kujua kwa nini mtu ameacha dawa inayomponya kunahitaji mtu aliyefundishwa kuuliza, kusikiliza na kutoharakisha hitimisho. Wewe unafundishwa hayo, mwanangu, na dodoso lile lililorudishwa lilikuwa sehemu ya mafunzo.

Mfikirie Wangari Maathai. Alisoma biolojia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1971, na fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo, yaani muundo wa miili yao. Ungemuuliza wakati huo kozi yake inampeleka wapi, angekutajia maabara na darasa. Lakini akiwa kwenye utafiti wa kupe na ugonjwa wa ng'ombe, alikuwa akikusanya kupe kwenye masikio ya ng'ombe na kuona jinsi walivyokonda, mito ilivyojaa tope na udongo ulivyokuwa ukichukuliwa na maji. Akatambua kwamba hatari kubwa ya mifugo ile ilikuwa ardhi yenyewe kuharibika. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuna kozi iliyokuwa na jina la kazi aliyokuja kuifanya. Masomo yalimpa macho ya kuchunguza, naye akayatumia hata kwa kitu ambacho hakikuwa kwenye mada ya utafiti wake.

Jingine ni walimu. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, aliacha masomo ya udaktari, akapelekwa Cambridge ili awe mchungaji. Huko alizoea kutembea na profesa wake wa botania, yaani elimu ya mimea, Henslow, hata watu wakamtambua kwa matembezi hayo. Mwaka 1831 Henslow ndiye aliyempendekeza kwa safari ya meli ya Beagle, safari ya uchunguzi iliyomjengea msingi wa nadharia yake. Mwalimu hawezi kumpendekeza mwanafunzi asiyemjua, na wewe unakaa viti vya nyuma na kutoka mhadhara ukiisha. Nenda ofisini kwa yule aliyekurudishia dodoso. Mpelekee toleo jipya, umwombe alikosoe tena.

Kuhusu tasnifu, usichague mada kwa sababu ni nyepesi au kwa sababu kuna ya mwaka jana ya kuigia. Chagua swali ambalo kuna watu wanaumia kwa kukosa jibu lake. Hata kama hutapata jibu kamili, utakuwa umekaa na watu hao, umewasikiliza, na utajua kama unataka kuwafanyia kazi. Ukiona hutaki, hiyo nayo ni habari muhimu, na ni afadhali uipate ukiwa bado mwanafunzi.

Mafunzo kwa vitendo yanakaribia. Omba nafasi mahali utakapokutana na watu ana kwa ana, hata kama jina la taasisi halivumi. Ukishaandika barua ya maombi nitumie niisome kabla hujaipeleka.

Mama yako akupendaye