Tahajia ya msimbo iachieni mashine

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chake Chake aliniandikia. Alikuwa ametuma marekebisho yake ya kwanza kwenye mradi wa programu huria, ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuurekebisha, na majibu yakamjia kwa msururu: hapa umetumia alama moja ya nukuu, sisi tunatumia mbili, mstari huu umezidi urefu, huu uingize ndani zaidi. Kuhusu hitilafu aliyoitafuta mpaka akaipata, hakuna aliyesema neno. "Kaka, niendelee au niache?"

Endelea, mdogo wangu. Mimi yalinikuta hayo hayo, na mwenye kovu usidhani kapoa. Nikiwa bado kijana Wete, niliupelekea mradi mmoja mkubwa wa nje marekebisho ya hesabu za tarehe. Hesabu zilikuwa sahihi, nilizipima usiku kucha. Wasimamizi wakabishana juu ya nafasi nilizoacha baada ya mabano, nikarekebisha, akaja mwingine akataka kinyume chake. Mwisho ombi langu la kuunganisha marekebisho lilifungwa bila kupokelewa. Baadaye mtu wao akaandika suluhisho lenye mantiki ile ile, likapokelewa siku hiyo hiyo. Bado naikumbuka siku ile, na siamini tena kwamba mabishano ya mtindo ni jambo dogo. Yanafukuza watu.

Ndiyo maana tulipoanzisha kalenda yetu ya maji, programu inayowaonyesha wavuvi na wakulima wa mwani saa za kujaa na kupwa, nilijua ugonjwa huu utatufuata. Ulitufuata kweli. Wachangiaji walikuwa Unguja, Pemba na Tanga, na kila mmoja ana mkono wake. Mkubwa wetu mmoja wa Mjini alitumia kitufe cha Tab kuingiza mistari ndani tangu ujana wake na hakutaka kusikia habari ya nafasi nne. Kijana wa Tanga kihariri chake, yaani programu anayoandikia msimbo, kilikuwa kinapanga upya faili zima kila akihifadhi, kwa hiyo ukifungua mabadiliko yake unaona mistari mia imeguswa, na jambo la maana ni mstari mmoja uliojificha katikati. Mapitio yakawa mateso.

Nikapendekeza tutumie programu zinazopanga sura ya msimbo zenyewe, Black kwa lugha ya Python na Prettier kwa lugha ya JavaScript, na tusibadilishe chochote katika mipangilio yake. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwongozo wa PEP 8, ambao watu wa Python wanao tangu mwaka 2001, unataka mstari usizidi herufi 79; Black inakubali 88. Ukianza kuuliza watu wanapenda ngapi, umeurudisha ugomvi ule ule kwa mlango wa nyuma. Watengenezaji wa lugha ya Go waliliona hili mapema: lugha ilipotangazwa mwaka 2009 ilikuja na programu yake ya kupanga msimbo, gofmt, na kila anayeandika Go anafuata sura ile ile, aipende asiipende. Sisi watu wa visiwani tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Wapemba hatukuacha Kipemba chetu nyumbani, ila vitabuni tunaandika tahajia moja.

Pingamizi zilikuja. Ya kwanza, kwamba mashine itaharibu programu. Haiharibu kirahisi hivyo: Black ikimaliza kupanga faili hulinganisha muundo wa msimbo wa kabla na wa baada, na ukitofautiana inakataa kuandika. Ya pili ilinipa kazi zaidi, kwa sababu mkubwa wetu alikuwa na hoja. Ukipanga upya mradi mzima kwa mpigo, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, itaonyesha kwamba kila mstari umeandikwa na wewe, na historia ya nani alirekebisha nini inafunikwa. Dawa ipo tangu Git 2.23 ya mwaka 2019. Upangaji wote uwe badiliko moja lisilochanganywa na kitu kingine, kisha namba yake iandikwe kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, nalo ulitaje katika mipangilio ya Git. Badiliko hilo litarukwa unapotafuta mwandishi wa mstari. Nilimwonyesha kwa simu, akanyamaza, akasema "haya". Django, mradi wa Python wa kujengea tovuti, mkubwa kuliko sisi kwa kila kipimo, ulikubali Black mwaka 2019 na ukapanga msimbo wake wote Februari 2022. Kama wao waliweza, sisi tuna udhuru gani?

Najivunia tulichofanya. Sasa mabishano yetu ni juu ya bahari: juzi watu wa Wete na wa Tanga wamevutana kuhusu siku ya mwezi tunayoanza kuhesabu bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na huo ndio ubishi unaomfaa mama anayengoja maji yapwe aende shambani kwa mwani wake. Wasimamizi wenzangu, muogopeni Mungu katika muda wa watu. Kijana ametumia bando lake kukusaidia bure, nawe unamhesabia nafasi! Iachie mashine. Ukitaka kusema na mtu, sema naye juu ya fikra zake.

Kwa anayeanza kesho: chagua siku ambayo maombi yanayosubiri ni machache, na yaliyobaki waambie wenyewe wapange matawi yao, yaani nakala wanazofanyia kazi, kwa programu ile ile kabla ya kuunganisha. Seva ikatae msimbo usiopangwa, ili asiwepo binadamu wa kulaumiwa. Majedwali ya namba yalindeni; yetu yamepangwa safu kwa safu, na Black ingeyavunja yote, kwa hiyo tumeyazungushia # fmt: off na # fmt: on, alama zinazoiambia Black isiguse kilicho katikati. Na wote mtumie toleo moja, liandikwe ndani ya mradi wenyewe, kwa kuwa Black hubadilisha mtindo wake kidogo mwaka unapoanza, na mwenye toleo jipya atawapangia upya mafaili ambayo hakuyagusa.