Ford ya babu: usiiwashe kwanza

Ndugu yangu, umeuliza uanze na rangi au injini kwenye Ford Model A ya 1930 uliyoachiwa na babu kule Njoro. Rangi ingoje. Na tafadhali, isivutwe na trekta ili iwake! Fungua plagi zote nne, mimina oili kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, kisha zungusha injini polepole kwa hendeli ya mbele. Ikikataa, usilazimishe.

Tangi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Liko mbele ya kioo, juu kuliko kabureta (inayochanganya petroli na hewa), na petroli hushuka yenyewe bila pampu. Kutu itashuka nayo. Lisafishwe kabisa. Breki za gari hili ni za fito za chuma, hazitumii mafuta ya breki. Bushi (vipete vya chuma ambamo fito na ekseli huzunguka) zilizolika, fundi mzuri wa mashine hapo Nakuru atakuchongea. Cha zamani usitupe, hata nati.