Kukaa ligi ya chini sio kufeli
Hapana kaka, we unauliza kama mchezaji wa hoki ya barafu akimaliza miaka yake yote ligi ya chini ndo kafeli, mi naomba umwangalie Willie Marshall, Mkanada. Jamaa kacheza AHL, ile ligi iliyo chini kidogo ya NHL (ligi kubwa ya hoki ya barafu Marekani na Kanada), misimu 20 kuanzia 1952 mpaka 1972, mechi 1,205, akafunga magoli 523 na pasi za magoli 852, na mpaka leo hakuna aliyemfikia kwa pointi za AHL, yani magoli ukijumlisha na pasi za magoli. NHL aligusa mechi 33 tu akiwa na Toronto Maple Leafs. Sa kabla hujasema hakuwa na kiwango jua kwamba mpaka 1967 NHL nzima ilikuwa na timu 6, sita tu aisee, kwa hiyo watu wazuri kweli walibaki huku chini wakizunguka miji ya Marekani kama Pittsburgh, Hershey, Providence, leo hapa kesho kule, wakikimbiza kile kidude cheusi cha mpira kwenye barafu. Na mfungaji bora wa AHL kila msimu siku hizi anapewa tuzo yenye jina la Marshall.