Kusajili maelfu ya mita kwenye AWS IoT Core
Kwa aliyeuliza kama mita zote za maji zinazounganishwa na AWS IoT Core, huduma ya Amazon ya kuunganisha vifaa kupitia mtandao, zinaweza kutoka kiwandani na cheti kimoja cha kidijitali (faili la kuthibitisha utambulisho wa kifaa): inawezekana, mradi cheti hicho kiwe cha kuombea usajili tu, na sera yake (orodha ya ruhusa zake) iruhusu mita kuomba cheti chake yenyewe, si kutuma vipimo. Jambo ambalo wengi huliruka, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kuweka programu ya Lambda (programu fupi inayoendeshwa kwenye seva za AWS) inayolinganisha namba ya mita na orodha ya kiwandani kabla usajili haujakubaliwa, kwa sababu atakayeifungua mita moja na kunakili cheti hicho ataweza kuingiza vifaa vyake. Programu hiyo hupewa sekunde 5 tu kujibu, hivyo tafadhali ihifadhi orodha mahali panaposomeka haraka, kwa mfano DynamoDB, hifadhidata ya AWS.